Nyonga Isiyotiwa Saruji na Hesabu ya Miaka Kumi

Maelezo baada ya habari: kwa askari wa jeshi na polisi

Askari wa usalama barabarani anayepangiwa zamu katika makutano ya Kalerwe, kaskazini mwa jiji la Kampala, husimama mahali ambapo kila aina ya mwendo hukutana. Barabara ya Gayaza huonana hapo na barabara ya mzunguko wa kaskazini, iliyofunguliwa mwaka 2009. Malori ya matoke huingia sokoni tangu alfajiri, mikokoteni hutoka, wachuuzi hutandaza bidhaa zao hadi ukingoni mwa lami, na bodaboda hupenya katika kila upenyo uliobaki. Upande wa kusini chaonekana kilima cha Mulago, chenye hospitali kuu ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1913. Ni nadra mahali pa kuvunjikia na mahali pa kutibiwa pakawa jirani kiasi hiki. Foleni ikiruhusu, majeruhi wa Kalerwe aweza kufikishwa mbele ya daktari kwa muda mfupi sana.

Hata hivyo, lipo jeraha moja ambalo ujirani huo haulimalizi. Ni jeraha la nyonga. Kichwa cha mfupa wa paja ni duara linalozunguka ndani ya kikombe cha mfupa wa kiuno, na damu inayokilisha hupita katika mishipa myembamba iliyoambatana na shingo ya mfupa huo. Shingo ikivunjika, au kichwa kikichomoka kwa kishindo cha ajali, mishipa hiyo yaweza kukatika. Mfupa ulionyimwa damu haufi siku ile ile. Hufa polepole, kwa miezi na pengine kwa miaka, huku mwenyewe akiendelea kutembea juu yake, hata siku moja duara linabonyea na kila hatua inakuwa adhabu.

Katika nchi za Ulaya nyonga bandia ni habari ya wazee ambao gegedu zao zimelika kwa umri. Katika sehemu yetu ya Afrika mambo ni tofauti. Malawi ilipoanzisha daftari la taifa la viungo bandia mwaka 2005, hesabu za miaka ya mwanzo zilionyesha kwamba sababu kubwa ya kubadilisha nyonga ilikuwa huko kufa kwa mfupa kwa kukosa damu, wala si uzee. Nchini Uganda, juu ya ajali na risasi, kuna ugonjwa wa selimundu. Uchunguzi wa watoto wachanga uliofanywa nchi nzima na kutangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba watoto 13 katika kila 100 walikuwa na chembe ya urithi wa ugonjwa huo, na kwamba 7 katika kila 1,000 walikuwa nao ugonjwa wenyewe. Baadhi ya watoto hao watafika umri wa ujana nyonga zao zikiwa zimekwisha kufa.

Kwa hiyo anayelala juu ya meza ya upasuaji hapa kwetu aghalabu ni mtu mwenye nguvu zake: koplo mwenye miaka 35, dereva, mama anayebeba mkungu wa ndizi kichwani. Mtu huyo ana miaka thelathini au arobaini ya kuishi na chuma atakachowekewa. Swali lake halikomei kwenye kama atatoka wodini akitembea. Karibu wote hutoka wakitembea. Swali ni hali yake katika mwaka wa tano, wa kumi na wa kumi na tano, muda ambao madaktari huuita muda wa kati, na ambao ndio hasa hutenganisha kazi njema na kazi iliyoonekana kuwa njema.

Historia ya upasuaji huu inathibitisha jambo hilo. Daktari Mwingereza John Charnley, katika hospitali ya Wrightington, alianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kuweka nyonga zenye kikombe cha tefloni, kitu kile kile kinachopakwa kwenye vikaango ili chakula kisigande. Wagonjwa wapatao 300 walifurahi mno, nao walikuwa na haki ya kufurahi, maana maumivu yaliondoka mara moja. Baada ya miaka miwili au mitatu tefloni ililika, unga wake ukaharibu mifupa, na Charnley akalazimika kuwapasua tena wagonjwa wake mwenyewe. Lau angewahesabu siku ya kutoka wodini tu, angeandika kwamba amefaulu kabisa. Mwezi Novemba mwaka 1962 alianza kutumia kikombe cha plastiki ngumu iitwayo poliethilini, na huo ndio mwanzo wa nyonga bandia ya kisasa.

Nyonga ya Charnley ilishikizwa mfupani kwa saruji. Yafaa ielezwe kwamba saruji hiyo si ndugu ya ile itokayo Hima au Tororo. Ni aina ya plastiki iliyotokana na kazi za madaktari wa meno: unga na maji vikichanganywa hutokea ujiujiu, ambao hupata joto na kuwa mgumu kwa muda wa robo saa hivi. Saruji haigandi mfupani kama gundi; hujaza nafasi iliyopo baina ya mfupa na chuma, vikakamatana. Kwa mzee asiyekimbia, mshiko huo hudumu miaka mingi. Lakini katika miaka ya 1970 ilidhihirika kwamba kwa vijana na watu wa kazi nzito saruji ilipasuka na kulegea upesi zaidi. Madaktari wakaanza kuuliza kama mfupa wenyewe hauwezi kukishika chuma bila mpatanishi.

Jibu lilikuwa limekwisha kuonekana huko Sweden. Mwaka 1952 Per-Ingvar Brånemark, alipokuwa akichunguza mifupa ya sungura kwa vifaa vya titani, alikuta kwamba vifaa hivyo having'oki tena: mfupa ulikuwa umeishikilia titani kana kwamba ni sehemu yake. Juu ya msingi huo zikatengenezwa nyonga zenye uso wa vitundu vidogo, ambamo mfupa hai huingia na kuota. Nyingine, kuanzia katikati ya miaka ya 1980, zilipakwa madini yafananayo na madini ya mfupa wenyewe, ili kuuvuta mfupa usogee karibu.

Hapa Mulago nayo ina sehemu yake katika habari hii. Tangu miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 alifanya kazi hapo daktari wa mifupa Ronald Huckstep, aliyejulikana kwa kuwatengenezea watoto waliopooza kwa polio vyuma vya miguu kwa vifaa vilivyopatikana nchini. Baadaye, akiwa Australia, aliendeleza matumizi ya titani kwa kuunganishia mifupa iliyovunjika, na msumari wa titani ukaitwa kwa jina lake. Aliyefunzwa na uhaba wa Kampala alitambua mapema thamani ya chuma kisichohitaji kurudiwa mara kwa mara.

Jinsi nyonga isiyotiwa saruji inavyoshika, mkulima yeyote wa migomba ataelewa bila kuchorewa picha. Mche uliopandikizwa ukitikiswa kila siku hautoi mizizi, ukitulia, unashika. Daktari hulipigilia shina la titani ndani ya mfupa wa paja likakaza sana, kisha kazi inabaki kwa mfupa. Katika wiki sita hadi kumi na mbili za kwanza, iwapo chuma hakichezi zaidi ya unene wa unywele hivi, mfupa huota ndani ya vitundu. Kikicheza zaidi ya hapo, badala ya mfupa huota utando laini, na nyonga hiyo haitatulia kamwe. Ndiyo maana askari anayetupa magongo katika wiki ya tatu ili kuwaonyesha wenzake ushujaa anacheza na miaka yake ishirini ijayo.

Je, matokeo ya muda wa kati yamekuwaje? Kizazi cha kwanza, kile cha miaka ya 1980, kilileta somo chungu. Baada ya miaka miwili picha za eksirei zilipendeza, ingawa wagonjwa kadhaa walilalamika maumivu ya paja. Mnamo mwaka wa saba au wa kumi yakaanza kuonekana mashimo katika mfupa uliozunguka kikombe. Jambo la ajabu ni kwamba mashimo ya namna hiyo yalikwisha kuonekana kwenye nyonga za saruji, na mwaka 1987 yalipewa jina la ugonjwa wa saruji. Sasa yakawa yanatokea mahali pasipo hata chembe ya saruji! Aliyestahili lawama alikuwa plastiki ya kikombe. Kila hatua ilisaga chembechembe zisizoonekana kwa macho. Chembe za mwili zinazosafisha uchafu zilizimeza, zikashindwa kuziyeyusha, na katika vurugu hiyo mfupa ukaliwa. Shina lililoshikwa na mfupa lilikuwa imara. Kikombe ndicho kilichokuwa kikioza jirani yake.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 plastiki hiyo ilianza kuimarishwa kwa mionzi, ikawa hulika kidogo sana kuliko ile ya zamani, na vichwa vya kauri vikaenea. Daftari la Norway, lililoanza mwaka 1987, lilichunguza mashina 11,516 yasiyotiwa saruji yaliyowekwa kati ya mwaka huo na mwaka 2005. Mashina ya aina zilizokuwa zikiendelea kutumika yalionekana kufanya kazi vizuri sana, na kwa wagonjwa wenye umri chini ya miaka 60 yalishinda lile la Charnley lenye saruji. Pale pale wachunguzi walionya kwamba upande wa kikombe haukuwa na sifa hiyo. Kwa nyonga za aina zote kwa jumla, zenye saruji na zisizo nayo, hesabu iliyotangazwa mwaka 2019 kutokana na madaftari ya mataifa ilionyesha kwamba katika kila 100 zilizowekwa, 89 bado zilikuwa mahali pake baada ya miaka 15, 70 baada ya miaka 20, na 58 baada ya miaka 25. Hizo ni nyonga nyingi za zamani, za wagonjwa ambao wengi wao walikuwa wazee wa nchi tajiri. Koplo wa miaka 35 asizichukue kama ahadi aliyopewa yeye.

Wala isidhaniwe kwamba kilicho kipya kinamfaa kila mtu. Bibi wa miaka 80 aliyeanguka uani akavunjika shingo ya paja ana mfupa mwembamba, na kulipigilia shina ndani yake ni kuualika mfupa kupasuka. Nchini Uingereza wagonjwa 1,225 wenye umri wa miaka 60 na zaidi, waliovunjika namna hiyo, waligawanywa kwa kura kati ya njia hizo mbili. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2022 yalionyesha kuwa mfupa kuvunjika kando ya chuma kulitokea kwa wagonjwa 2 katika 100 wa upande usio na saruji, na kwa mmoja tu katika 200 wa upande wenye saruji. Daktari anayemwekea mzee saruji, basi, hayuko nyuma ya wakati. Huenda ndiye anayefuata hesabu.

Lipo jambo jingine ambalo kwa muda mrefu liliwatia hofu madaktari wa Afrika: virusi vya ukimwi. Ilidhaniwa kwamba mwenye virusi hivyo akiwekewa chuma, usaha ungemfuata tu. Mwaka 2014 madaktari waliofanya kazi Malawi walitangaza habari za wagonjwa 29 wenye virusi, waliobadilishiwa nyonga 43 na kufuatiliwa kwa wastani wa miaka mitatu na nusu. Hakuna aliyepata maambukizi, na hapakuwa na nyonga hata moja iliyohitaji kupasuliwa upya. Hiyo ni habari ya kutia moyo, ingawa miaka mitatu na nusu katika maisha ya nyonga ni asubuhi tu, na tefloni ya Charnley nayo ilikuwa na asubuhi yake.

Sasa, ndugu wasikilizaji, Malawi ilijuaje? Ilijua kwa sababu iliandika. Na thamani ya kuandika haikuonekana wazi zaidi kuliko katika mkasa wa nyonga iliyoitwa ASR, yenye chuma kinachosuguana na chuma. Ilisifiwa kwamba ingewafaa vijana wenye shughuli nyingi, maana haikuwa na plastiki ya kulika. Takriban nyonga 93,000 za aina hiyo ziliwekwa duniani. Daftari la taifa la Australia ndilo lililotangulia kuona kwamba zilikuwa zikirudishwa kwenye chumba cha upasuaji kwa kasi isiyo ya kawaida. Zikaondolewa sokoni huko mwaka 2009, na duniani kote mwezi Agosti mwaka 2010. Chembe za chuma zilikuwa zikiharibu misuli iliyoizunguka nyonga. Daktari mmoja mmoja, mwenye wagonjwa wake wachache, asingeweza kuliona jambo hilo. Lilionekana pale ilipojumlishwa hesabu ya wote.

Katika miaka ya karibuni upasuaji wa nyonga, ambao Waganda wengi waliufuata India, umekuwa ukifanyika pia ndani ya nchi. Hilo ni jambo la kujivunia, lakini linaleta wajibu ambao mgonjwa aliyekwenda ng'ambo alikuwa akiuacha huko huko. Kila nyonga bandia hutoka kiwandani na vibandiko vyenye jina lake, kipimo chake na namba yake. Kibandiko kimoja hubaki katika jalada la hospitali. Kingine chapaswa kubaki na mgonjwa, kwa sababu mwaka wa kumi na mbili, kikombe kikiwa kimelika na shina bado imara, daktari atataka kubadilisha kikombe na kichwa tu. Kichwa kisicholingana na shina hakifai. Asipojua ni shina la nani, yaweza kumlazimu kuling'oa shina zima, na shina lililoshikwa na mfupa kwa miaka kumi na mbili haling'olewi bila kuupasua mfupa wenyewe. Operesheni ya saa mbili inageuka kuwa ya saa tano, kwa damu nyingi na gharama kubwa, na kwa sababu ya kipande cha karatasi.

Katika jambo hili askari ana nafasi ambayo raia hana. Askari ana namba. Ahamishwe kutoka Kampala kwenda Gulu au Moroto, atumwe nje ya mipaka au astaafu, namba ile haibadiliki, nalo jalada lake la afya lina mahali pa kukaa. Ana kamanda anayeweza kumwamuru afike hospitali siku fulani saa fulani, amri ambayo daktari wa raia hutamani angekuwa nayo. Jeshi na polisi, pengine bila kukusudia, vina karibu kila kitu kinachohitajika kuwafuatilia watu wao kwa miaka kumi na mitano. Kinachobaki ni kibandiko kile kitiwe ndani ya jalada lile, na picha ya eksirei ipigwe mwaka wa kwanza, wa tano na wa kumi hata kama mwenyewe haumwi. Mashimo ya mfupa hayana maumivu mpaka yawe makubwa. Mwenye nyonga anayesubiri kuumwa ndipo arudi anasubiri mpaka mfupa wa kushikia nyonga ya pili uwe umekwisha.

Makamanda nao wana la kufikiria. Gwaride la kupiga mguu chini kwa nguvu, kuruka kutoka juu ya lori na kukimbia na mzigo mgongoni ni mambo ambayo daktari humkataza mwenye nyonga bandia, na yeye mara nyingi huona haya kusema. Maumivu ya paja yanayotokea katika hatua za kwanza baada ya kuinuka kitini, kisha yakatulia, huweza kuwa dalili kwamba shina limelegea. Askari mzuri huyanyamazia. Sajini wake, akijua maana yake, hatamsifu kwa kunyamaza huko.

Nyuma ya askari aliye katika makutano kuna soko, na huko hakuna namba wala jalada. Mchuuzi wa Kalerwe aliyebadilishiwa nyonga hurudi kwenye kazi ya kuinama na kuinuka tangu alfajiri, hurudi kwenye mkeka na kwenye choo cha kuchuchumaa, ambako nyonga mpya huweza kuchomoka ikikunjwa kupita kiasi. Habari za operesheni yake zimeandikwa katika daftari la shule, lile lile la kurasa chache ambalo wagonjwa wengi wa Uganda huenda nalo zahanati, lenye dawa za malaria za mwaka juzi kwenye ukurasa wa kwanza. Ukurasa mmoja humo ndimo palipobandikwa jina, kipimo na namba ya kile alicho nacho mwilini. Na bonde la Kalerwe, ambako hupita mfereji wa Nsooba, hufurika mvua kubwa zinaponyesha. Maji huingia majumbani usiku na kubeba kilichowekwa chini. Mgonjwa mwangalifu hulifunga daftari lake ndani ya kavera, akalining'iniza juu karibu na mabati, pamoja na vyeti vya watoto vya kuzaliwa.